Marconi na kilima kilicho nyuma ya nyumba yao



Jioni ya Jumapili tarehe 24 Julai 2022, basi la abiria lililokuwa likitoka Meru kuja huku kwetu Mombasa lilitoka barabarani kwenye daraja la Mto Nithi na kutumbukia bondeni. Watu zaidi ya 30 walifariki. Mabarazani tulizungumza siku nyingi juu ya breki, juu ya dereva, juu ya ile kona na ule mteremko. Yote hayo yana haki yake. Lakini mimi nilisomea mitambo ya umeme kwa kiwango cha diploma, na hadi leo siwezi kupita chini ya mnara bila kuutazama juu. Nilibaki na swali jengine: mtu akipatwa na balaa ndani ya bonde kama lile, usiku, sauti yake yafika wapi?

Asiyeijua barabara hiyo nimpe picha. Kutoka Embu kwenda Meru unapita Runyenjes, Chuka, Chogoria hadi Nkubu, ubavuni mwa Mlima Kenya upande wa mashariki. Mlima wenyewe una mita 5,199, na maji yanayoshuka ubavu ule yamejichimbia njia zao: Thuci, Nithi, Mutonga na vijito visivyohesabika. Barabara haiifuati mito hiyo, inaikata. Kwa hivyo safari nzima ni kupanda mgongo wa kilima, kushuka bondeni, kisha kupanda tena. Nimeipita mara kadhaa, na kila gari likishuka huona alama za mtandao kwenye simu zikipungua mojamoja, na likipanda zikarudi.

Hilo ndilo lililonirudisha kwenye maisha ya Mtaliani mmoja aliyekufa kabla baba yangu hajazaliwa: Guglielmo Marconi, mtu wa simu ya upepo, kama walivyoiita wazee wetu. Jina lake wengi wamelisikia shuleni. Wachache wanajua kwamba kazi yake ya kwanza yenye maana ilikuwa kushindana na kilima.

Alizaliwa Bologna tarehe 25 Aprili 1874. Baba yake, Giuseppe, alikuwa tajiri wa mashamba. Mama yake, Annie, alikuwa mwanamke wa Ireland kutoka ukoo wa Jameson, wale wenye kiwanda cha pombe kali mjini Dublin. Sisi hatuna haja na chupa zao, lakini msomaji aukumbuke ukoo huo kwa sababu utarudi. Kijana hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa. Chuo kikuu hakuingia. Alichokuwa nacho ni jirani mwema, Profesa Augusto Righi, aliyemruhusu kuhudhuria na kutazama majaribio ya umeme, na mama aliyemwachia vyumba vya juu vya nyumba yao ya shamba huko Pontecchio, mahali ambapo zamani walifuga viwavi wa hariri.

Mwaka 1894 alifariki Heinrich Hertz, Mjerumani aliyethibitisha kwamba cheche ya umeme hutoa mawimbi yasiyoonekana yanayosafiri hewani. Marconi, kijana wa miaka 20, akasoma makala juu yake na hapo akashikwa. Wakati ule wataalamu wakubwa walikuwa wakiyarusha mawimbi hayo kutoka upande mmoja wa chumba hadi mwengine, wakaridhika. Yeye akataka yatoke nje ya nyumba.

Vyombo vyake vilikuwa duni. Cheche upande mmoja; upande wa pili kichupa cha kioo chenye unga wa madini, ambao ukipigwa na wimbi hushikana na kupitisha umeme. Karibu kila kipande kilikuwa kimebuniwa na mtu mwengine. Alichoongeza yeye ni kitu ambacho fundi yeyote wa antena leo anakijua: alichukua ncha moja ya waya akaipandisha juu, na ncha ya pili akaifukia ardhini. Umbali ukaruka palepale. Kadiri alivyopandisha waya ndivyo ishara zilivyofika mbali.

Kisha likaja jaribio la mwaka 1895 ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote aliyoyafanya baadaye. Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na kilima. Hadi hapo majaribio yalifanywa mahali ambapo mtu aliweza kuonekana, na kaka yake Alfonso akipokea ishara hupunga kitambaa. Mara hii Alfonso alipewa chombo cha kupokea akatumwa ng'ambo ya kilima, kama kilomita 2, mahali asipoonekana tena. Akapewa na bunduki. Marconi akabonyeza swichi dirishani, na baada ya kitambo mlio wa bunduki ukasikika kutoka nyuma ya kilima. Ishara ilikuwa imevuka.

Hebu tutulie hapo kidogo. Mtambo ulivusha ishara ya kwenda, lakini jawabu lilirudi kwa bunduki kwa sababu Alfonso hakuwa na mtambo wa kujibu. Hadi leo mambo ndivyo yalivyo katika majanga mengi. Redio kubwa za matangazo, hata zile zinazozungumza na watu kwa lugha yao kama Muuga FM kwa Wameru na Wimwaro FM kwa Waembu, hufika kila jikoni na kila shamba. Zinaweza kuonya watu wasivuke mto uliofurika. Lakini mtu aliyekwama ng'ambo ya mto hawezi kuijibu redio iliyo mfukoni mwake. Huko tuna sauti ya kwenda tu, na bunduki hatuna.

Sasa nieleze kwa ufupi kwa nini kilima ni adui. Redio koli za mkononi za polisi, za askari wa wanyamapori na za mabaharia hutumia mawimbi ya masafa ya juu ambayo husafiri takriban moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Yanapinda kidogo tu kufuata mviringo wa dunia. Antena iliyo mita 2 kutoka usawa wa bahari itafika upeo wa kilomita 5 au 6. Mvuvi ndani ya mashua na mwenzake ndani ya mashua nyengine, antena zao zikiwa urefu huo, watasikilizana kwa kilomita 11 au 12 hivi. Wakizidi hapo bahari yenyewe inawaficha. Weka antena ya pwani juu ya mnara wa mita 50 na yule mvuvi wa kwanza atasikika kilomita 35. Chukua kilele cha Vuria kule Taita, chenye mita 2,208: hesabu hiyohiyo inatoa upeo wa karibu kilomita 190. Ndiyo maana minara ilipandishwa Vuria, na ndiyo maana kule Meru ilipandishwa milima ya Nyambene.

Lakini hesabu hiyo ni ya bahari na ya tambarare. Ukiwa kwenye sakafu ya bonde la Nithi, kilichoko mbele yako ni ukuta wa udongo na mawe. Redio ya mkononi inayofika kilomita 10 ukingoni inaweza isifike hata kilomita 1 ukiwa chini. Dawa yake haina uchawi: ni kituo cha kupokea na kurusha tena, kilichowekwa juu ya mgongo unaotazama mabonde mawili. Wanaouza redio hizi huandika kwenye boksi umbali mkubwa wa kuvutia. Umbali huo ni wa mtu aliyesimama mlimani akizungumza na mtu aliyesimama mlima mwengine.

Turudi kwa kijana wetu. Serikali ya kwao haikuvutiwa na uvumbuzi wake, na mwaka 1896 mama yake akamchukua hadi London. Hapo ndipo ukoo wa Jameson ulipofaa. Binamu yake, Henry Jameson Davis, alimjulisha kwa watu na mwaka uliofuata akamsaidia kuanzisha kampuni. William Preece, mhandisi mkuu wa Posta ya Uingereza, alimpa nafasi ya kuonyesha kazi yake. Mwezi Mei 1897 alirusha ishara juu ya maji kutoka kisiwa cha Flat Holm hadi ufuo wa Wales, kilomita 6 hivi. Mwezi Machi 1899 akavuka mlangobahari kati ya Ufaransa na Uingereza, kama kilomita 50.

Mwezi huohuo likatokea jambo ambalo halikupigiwa ngoma sana. Kulikuwa na meli ya taa iliyotiwa nanga karibu na mafungu ya mchanga ya Goodwin, mahali ambapo vyombo vingi vilikuwa vimeangamia. Marconi aliifungia mtambo. Tarehe 17 Machi meli ya mizigo iitwayo Elbe ilipanda mchanga, na ile meli ya taa ikatuma habari ufuoni, na mashua ya uokozi ya Ramsgate ikaitwa. Kabla ya hapo mabaharia wa meli za taa walikuwa wakifyatua mizinga na kurusha fataki, wakiomba Mungu kusiwe na ukungu. Mtu wa Vanga au Kizingitini anaelewa bila kuelezwa maana ya kuita bila kujua kama umesikika.

Umaarufu wenyewe ulikuja tarehe 12 Desemba 1901. Tarehe hiyo sisi Wakenya tunaiadhimisha kwa sababu nyengine, na ni tarehe hiyohiyo, mwaka 1970, ambapo Wataliani na Wamarekani walirusha satelaiti kutoka jukwaa la San Marco kule Ngomeni, Malindi, wakaiita Uhuru. Marconi siku hiyo alikuwa Newfoundland, Amerika ya Kaskazini, katika baridi na tufani. Mtambo wa kurusha ulikuwa Poldhu, Uingereza, zaidi ya kilomita 3,000. Puto alilotumia kuinua waya lilichukuliwa na upepo, akatumia tiara, ile kama ya watoto. Akatega sikio na akasema amesikia nukta tatu, herufi S. Msaidizi wake George Kemp naye akasikia. Hakukuwa na karatasi iliyonakili, ni masikio mawili matatu tu, na wataalamu wanabishana hadi leo kama walisikia kweli au walisikia radi za mbali. Mimi sina shaka na uaminifu wake. Nina shaka na saa: ilikuwa mchana, na mchana ndio wakati mbaya kabisa kwa mawimbi aliyotumia.

Haya aliyagundua yeye mwenyewe miezi michache baadaye. Akiwa ndani ya meli Philadelphia mwaka 1902 akielekea Marekani, alipima akaona mchana ishara zinakatika kiasi cha kilomita 1,100, lakini usiku zinamfikia zaidi ya kilomita 3,000. Wazee waliokuwa na redio za mbao hawakuhitaji kuambiwa. Mchana walisikia stesheni ya karibu, na jua likishazama zikaanza kuingia sauti za Arabuni na Bara Hindi kama majahazi ya kaskazi. Sababu yake ni kwamba juu sana angani kuna tabaka la hewa lenye umeme linalorudisha mawimbi ardhini kama kioo, na mchana sehemu yake ya chini huyameza kabla hayajafika kwenye kioo hicho. Marconi alikitumia kioo hicho bila kukijua. Edward Appleton ndiye aliyethibitisha kuwepo kwake mwaka 1924.

Jambo hili lina faida kubwa kwa watu wa milimani. Mawimbi mafupi ukiyaelekeza juu badala ya mbele hupanda mbinguni na kurudi chini kama mvua, na kwa hivyo kilima hakiyazuii. Kwa njia hiyo shirika la AMREF, lililoanzishwa mwaka 1957, lilijenga mtandao wa redio uliounganisha zahanati na hospitali za mbali na madaktari wa ndege walioko Nairobi. Huku kwetu visiwani Lamu wazee wanamkumbuka Mama Daktari, Anne Spoerry, aliyefariki mwaka 1999. Ndege yake ilionekana na kila mtu. Redio iliyowezesha ndege kujua iende wapi haikuonekana, na haikuimbiwa wimbo.

Sasa nifike kwenye sehemu ya maisha ya Marconi isiyonipendeza.

Kampuni yake haikuwa ikiuza mitambo tu. Ilikodisha mitambo pamoja na wafanyakazi wake. Mtu wa redio ndani ya meli hakuwa mtu wa nahodha, alikuwa mtu wa Marconi, na alikuwa na amri ya kutojibizana na meli au kituo kinachotumia mitambo ya kampuni nyengine. Mwaka 1902 Mwana wa Mfalme Heinrich, ndugu yake Kaisari wa Ujerumani, alikuwa akirudi kutoka Marekani ndani ya meli Deutschland, akataka kumtumia Rais Roosevelt salamu za shukrani. Mtambo wa meli hiyo ulikuwa wa Kijerumani. Vituo vya Marconi vikakataa kuzungumza nao. Wajerumani walikasirika, mataifa yakaitwa Berlin mwaka 1903, kisha tena 1906, na huko ikakubaliwa kwamba vituo vya pwani na meli vijibizane bila kujali kampuni, na kwamba wito wa dhiki uwe mmoja: SOS. Kampuni ya Marconi ilipinga kadiri ilivyoweza.

Kwa maneno mengine, wakati ule mawimbi yalikuwa yakifika. Kilichozuia sauti kilikuwa biashara.

Nasisitiza hili kwa sababu huku kwetu maradhi hayo hayajapona. Polisi wana redio zao. Askari wa KWS mlimani na katika Mbuga ya Meru wana zao. Zimamoto za kaunti, magari ya wagonjwa, Msalaba Mwekundu, kila mmoja na chaneli yake. Katika mkasa wa Westgate wa Septemba 2013, moja ya lawama zilizotajwa sana ni kwamba polisi na wanajeshi hawakuwa na mawasiliano ya pamoja ndani ya jengo moja. Ikiwa jengo moja la Nairobi liliwashinda, sijui itakuwaje pale ambapo mpaka wa kaunti ni mto, ajali iko mtoni, gari la wagonjwa linatoka Embu na jengine linatoka Meru.

Na tusidanganyane kwamba simu ya mkononi imemaliza kila kitu. Simu ni neema, na katika ajali nyingi ndiyo inayookoa. Lakini simu haizungumzi na simu. Inazungumza na mnara, na mnara unahitaji umeme na nafasi. Tarehe 25 Agosti 2023 nchi nzima ilipokosa umeme kwa saa nyingi tuliona jinsi mambo yanavyolegea. Na watu elfu wakipiga kwa wakati mmoja katika mnara mmoja, wa elfu na moja hapati njia, hata kama ndiye aliyeko chini ya gari. Redio koli mbili zenye betri hazimwombi mtu wa tatu ruhusa ya kuzungumza, isipokuwa kile kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano, ambacho ni haki kiwepo.

Marconi aliposhinda Nobeli mwaka 1909, akigawana na Mjerumani Karl Ferdinand Braun, mwaka ulikuwa umeanza na ushahidi bora kuliko hotuba yoyote. Tarehe 23 Januari meli Republic iligongwa na meli Florida ndani ya ukungu, karibu na pwani ya Marekani. Mtu wa redio, Jack Binns, alikaa katika chumba chake kilichobomoka, gizani na baridini, akaita kwa saa nyingi hadi meli Baltic ikafika. Abiria na mabaharia wa vyombo vyote viwili walikaribia 1,500, na waliokufa walikuwa 6 tu, kwa mgongano wenyewe.

Miaka mitatu baadaye ikaja Titanic. Kisa chake kimechezwa sinema hadi watoto wanakijua, kwa hivyo nitataja sehemu ya redio peke yake. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912 vijana wawili wa Marconi, Jack Phillips na Harold Bride, waliita. Meli Carpathia, iliyokuwa umbali wa kama kilomita 107, ilisikia na ikaja mbio, ikawaokoa watu 700 na ushei. Lakini kulikuwa na meli nyengine, Californian, iliyokuwa karibu zaidi kuliko Carpathia. Nayo ilikuwa na mtambo wa Marconi, mzima kabisa. Mtu wake wa redio, Cyril Evans, alikuwa peke yake, amefanya kazi kutwa nzima, akazima mtambo akaenda kulala muda mfupi tu kabla ya Titanic kugonga barafu. Phillips alikufa pamoja na watu wapatao 1,500.

Marconi alikuwa New York siku zile. Watu walimshangilia barabarani kama mwokozi, na ni kweli kwamba bila yeye hao 700 nao wasingepatikana. Ila sheria zilizofuata hazikuagiza mitambo yenye nguvu zaidi pekee. Ziliagiza watu: meli kubwa ziwe na zamu ya kusikiliza mchana na usiku, bila kukatika.

Hiki ndicho ningependa wawakilishi wa wadi wa Embu, Meru, Tharaka Nithi, na wa kwetu Kwale, Kilifi, Lamu na Tana River wakisikie wakati wa bajeti. Kununua redio ni rahisi, na picha ya kukabidhi redio hutoka vizuri. Mshahara wa mtu wa zamu ya saa 8 usiku hautoki kwenye picha. Mombasa tuna kituo cha kuratibu uokozi baharini tangu 2006, na chaneli 16 ni ya dhiki kwa vyombo vyote duniani. Hilo ni jambo la kushukuru. Wavuvi wangapi wana redio ya kuifikia chaneli hiyo ni suala la bajeti pia. Tuliona faida ya habari kutangulia tarehe 26 Desemba 2004: tsunami ilichukua saa nyingi kuvuka Bahari ya Hindi, habari zikafika kabla ya maji, watu wakaondolewa ufuoni, na Kenya ikapoteza mtu mmoja huko Malindi, ilhali Somalia ilizika mamia. Maji ni yaleyale.

Maisha ya Marconi baada ya hapo nitayapita haraka. Mwaka 1912 huohuo, mwezi Septemba, alipata ajali ya gari kule Italia na kupoteza jicho la kulia. Akawa seneta. Ndoa yake na Beatrice O'Brien ilivunjika, akaoa tena mwaka 1927. Baada ya Vita vya Kwanza alinunua meli, akaiita Elettra, akaifanya nyumba na maabara, na humo akarudi kwenye mawimbi mafupi ambayo dunia ilikuwa imeyapuuza. Akiwa na mhandisi wake Charles Franklin aligundua kwamba kwa nguvu ndogo sana mawimbi hayo yanazunguka dunia. Matunda yake yalifika hadi kwetu. Kenya ilianza matangazo ya redio mwaka 1928, na shirika la Cable and Wireless, ambalo kampuni ya Marconi ilikuwa imeunganishwa ndani yake, liliyaendesha matangazo hayo hadi 1959. Yalikuwa kwanza ya walowezi. Lugha yetu ilingoja.

Lakini kuna jambo ambalo siwezi kulipita haraka. Marconi alijiunga na chama cha Mussolini mwaka 1923, tena kwa hiari. Mwaka 1930 akawekwa kuwa rais wa Akademia ya Italia na akaketi katika Baraza Kuu la Mafashisti. Mwezi Oktoba 1935 Italia ilipoivamia Uhabeshi, ikitokea Eritrea na Somalia, na kumwaga gesi ya sumu juu ya watu waliokuwa na mikuki na bunduki za zamani, yeye alizunguka nje ya nchi akiitetea vita hiyo. BBC, ambayo isingekuwepo bila kazi yake, ilimkatalia kuzungumza.

Wakimbizi wa Kihabeshi walivuka mpaka kuingia Kenya. Serikali ya kikoloni iliwaweka kambini Isiolo, chini ya milima ya Meru, kisha ikawahamishia Taveta. Watu waliokimbia jeshi lililoongozwa kwa redio walilala usiku wakitazama Mlima Kenya. Sijaona kitabu cha kumsifu Marconi kinachowataja.

Wapo wanaosema mvumbuzi ahukumiwe kwa uvumbuzi wake peke yake. Mimi siafiki. Mtu aliyetumia maisha yake kuhakikisha kilio kinasikika kutoka ng'ambo ya kilima hawezi kusamehewa haraka kwa kutosikia kilio cha Wahabeshi. Wala hata uvumbuzi wenyewe si wake peke yake: Jagadish Chandra Bose wa Calcutta alifanya kazi kubwa kwenye vichupa vya kupokea ishara na hakutaka kujitajirisha nayo, na mwaka 1943 Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha sehemu kubwa ya moja ya hataza muhimu za Marconi, ikiwatambua wengine waliomtangulia. Yeye wakati huo alikuwa kaburini.

Moyo ulikuwa umemsumbua miaka kadhaa. Alifariki Roma tarehe 20 Julai 1937, akiwa na miaka 63, na baadaye akazikwa Pontecchio kwenye uwanja wa ile nyumba ya shamba, karibu na dirisha alilorushia ishara. Siku iliyofuata kifo chake BBC na vituo vya simu ya upepo vya Posta ya Uingereza vilinyamaza kwa dakika mbili, na vya nchi nyengine vikafanya vivyo hivyo, kwa heshima yake. Nimejiuliza mara nyingi kama katika dakika zile mbili kulikuwa na chombo mahali, baharini au bondeni, kilichokuwa kikiita.